Bakuli la Maji

Faili la rufaa lilipotua mezani kwangu asubuhi ile, niliangalia alama kwanza, kama tunavyofanya sote pale Taasisi ingawa tumeapa kutofanya hivyo. Tisa kwa mia. Nikacheka kwa sauti. Miaka kumi na minne nimekaa kwenye kiti kile, na aliyewahi kupata alama mbaya kuliko wote alipata ishirini na mbili, tena huyo alisinzia katikati ya kusoma, utepe ukapima usingizi wake.

Tisa! Nikajiuliza huyu ni mtu wa namna gani. Nikachukua kikombe changu cha chai, nikaegemea kiti, nikajiandaa kuburudika. Halafu nikafunua ukurasa wa pili, nikakuta jina.

Atupele Mwaisaka, umri miaka hamsini na sita. Mhudumu wa wodi ya watoto walioungua moto, miaka kumi na tisa kazini. Kifungu alichosomeshwa safari hii: Namba Saba.

Namba Saba nimekiandika mimi. Chai ikanishinda.

Watu wengi huvaa utepe mara moja kila baada ya miaka mitano, wakapewa cheti, wakaenda zao bila kujua walipimwa nini hasa. Sheria inasema kila anayeshika mwili wa mtu dhaifu, awe mgonjwa, mtoto au mzee, lazima apimwe huruma. Ni sheria nzuri. Ilipitishwa baada ya ile kesi ya mateso katika kituo cha wazee, na sikumbuki aliyeipinga. Unaingia kwenye kibanda, unafungwa utepe wa kitambaa kwenye paji la uso, unapewa kurasa mbili za hadithi uzisome kimya kimya. Utepe unasikiliza jasho lako, mapigo ya moyo, pumzi, na vimisuli vya pembeni mwa macho ambavyo huwezi kuvidanganya hata uwe mwigizaji. Hapo mwanzo walijaribu kutumia picha, watu wakafumba macho. Wakajaribu filamu, watu wakatazama huku wanatafuna karanga. Hadithi iliyoandikwa ndiyo iliyokubali, kwa sababu msomaji analazimika kuijenga mwenyewe kichwani, na akishamaliza kuijenga anajikuta yumo ndani.

Kila kifungu kina sehemu mbili. Ya kwanza tunaiita Kidonda: hapo mtu anateswa. Ya pili ni Mkono: hapo mtu mwingine anamsaidia. Walio nje ya kazi hii hudhani alama zinatoka kwenye Kidonda. Wapi! Kidonda kinamshtua kila mtu. Hata katili hushtuka, na wapo wanaokifurahia, na utepe hauwezi kutofautisha vizuri mshtuko na raha. Alama zinatoka kwenye Mkono. Tunachopima ni kama moyo wa msomaji umebanduka pale ulipokuwa, ukamfuata yule anayesaidia.

Sasa mchoro wa Atupele. Kwenye Kidonda mstari ulikuwa umelala, mnyoofu, utadhani anasoma tangazo la kukatika maji. Kwenye Mkono, mahali ambapo wasomaji elfu arobaini wamelainika, wengine mpaka ikabidi kibanda kipanguswe, mshale wake ulianguka chini ya mstari. Kitabu chetu cha mwongozo kina neno moja tu kwa mshale wa chini ya mstari. Neno lenyewe ni karaha.

Nikafunga faili. Nilijua kwa nini. Katika nchi nzima tulikuwa watu watatu tu tulioweza kujua, na mmoja wetu ana miaka themanini na nne.

*

Rufaa husikilizwa na mtunzi wa kifungu, kwa hoja kwamba mtunzi ndiye anayejua msomaji alipaswa kuumia wapi. Ningeweza kujitoa. Fomu ya kujitoa ipo, ya bluu, lakini ina nafasi ya kueleza unamfahamuje mrufani, na mimi ile nafasi ndiyo niliyoiogopa. Nikajitia hamnazo. Nikapanga kikao siku ya Alhamisi.

Aliingia saa nne kamili. Amenenepa, nywele fupi zimejaa mvi, miguuni kavaa vile viatu vya mpira vya wodini. Blauzi yake ilikuwa ya mikono mirefu, na Morogoro siku ile jua lilikuwa linachoma. Macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye mkono wa kushoto kabla sijayazuia.

"Shikamoo," nikasema.

Nyumbani kwetu nilikatazwa kumwamkia. Mama alisema ukimwamkia dada wa kazi anavimba kichwa, kesho hafui. Kwa hiyo mtu aliyenizidi miaka minne, aliyenisuka na kuniogesha, nilikuwa nikimpita kila asubuhi nikiuliza chai iko wapi. Ile shikamoo ilikuwa imechelewa miaka arobaini na moja.

Hakuitikia. Alivuta kiti, akakaa, akaweka mkoba wake mapajani. Wewe uliyekulia katika Kiswahili unajua jinsi shikamoo isiyoitikiwa inavyobaki chumbani, kila mtu anaiona na hakuna wa kuiondoa.

"Nilijua ni wewe," akasema. "Nilipofika kwenye ile kalamu."

Hapo nikajua nilipokosea. Sisi watunzi wa Taasisi tuna mwiko mmoja: hatubuni ukatili. Ukatili wa kubuni haumshiki msomaji, utepe unaukataa mara moja. Kila Kidonda lazima mtunzi awe amekiona kwa macho yake. Na ili kumlinda aliyeumizwa, tunabadilisha mambo matatu: jina, mji, na kitu chenyewe. Atupele nilimwita Pili. Mkasa nikauhamishia Singida. Gauni la mama la kanisani, lile lililoungua kola, nikaligeuza pazia. Mambo matatu, kazi safi. Lakini mama alikuwa mwalimu wa fasihi, na alikuwa na tabia ya kuchomeka kalamu nyekundu kwenye nywele akisahihisha mitihani. Siku ile aliichomoa kwanza ile kalamu, akaiweka mezani taratibu, akasema, "Leo nitakusahihisha," ndipo akaichukua pasi. Sikuweza kuitoa kalamu. Ilikuwa inapendeza mno kwenye sentensi.

"Mama yako yupo?" Atupele akauliza.

"Yupo. Amezeeka."

"Tumezeeka wote."

"Dada Atu, mimi nili..."

"Usiniite hivyo hapa. Hapa nimekuja kwa rufaa. Niulize ya rufaa."

Nikachukua sauti yangu ya kiofisi, ile inayonisaidia nisiwepo. "Mchoro unaonyesha hukuumia kwenye Kidonda. Ulikuwa umetulia kabisa."

"Niumie kitu gani? Mimi nilikuwepo. Huu mkono nimeuuguza mwenyewe ukapona, nimeufulia, nimeupikia, nimeuogeshea watoto wa watu. Pale wodini nabadilisha bandeji kumi na mbili kabla ya saa tano asubuhi. Nikiwa wa kutetemeka kila nikiona ngozi iliyotoka, hao watoto watavuliwa na nani? Na wewe?"

"Na kwenye Mkono?"

"Kisome," akasema. "Kwa sauti. Pale mtoto anapoingia."

Sheria za kikao zinaruhusu. Nikasoma:

"Mtoto wa yule mama aliingia jikoni akinyata. Alikuwa amebeba bakuli la maji baridi kwa mikono miwili, na kila hatua maji yalimmwagikia kidogo kwenye vidole vya miguu. 'Pili,' akanong'ona, 'weka mkono humu.' Akapiga magoti sakafuni, akalia pamoja naye mpaka maji yakawa ya uvuguvugu."

"Mzuri sana huyo mtoto," Atupele akasema. "Ni nani?"

Nikageuza ukurasa.

"Nakuuliza, Sifu. Maana mimi nilikuwa jikoni na mlango ulikuwa wazi, nilikuwa nakuona pale kwenye kochi. Nilikwambia, 'Sifu, niletee maji, tafadhali.' Nilisema tafadhali. Nimechunwa ngozi, halafu namwomba mtoto wa miaka kumi na moja tafadhali. Ulifanya nini?"

"Niliongeza sauti ya televisheni."

"Ilikuwa katuni."

"Ilikuwa katuni."

"Haya." Alikunja mikono juu ya mkoba. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitia hofu. "Basi mimi nimekaa kwenye kibanda chenu, nimefungwa utepe wenu, nasoma. Nasema sawa, huyu ni mimi. Sawa, hii ni pasi ya mwalimu. Mwandishi amesema kweli, na Mungu ambariki kwa kusema. Halafu nakuona unaingia na bakuli! Nikahisi kutapika. Mashine yenu haina kosa, mama. Imepima sawasawa."

Aliniita mama kama anavyomwita ofisa yeyote asiyemjua.

Nikamuuliza anataka nini. Nilikuwa tayari kwa lolote: anipeleke mahakamani, amtaje mama kwenye redio, adai fidia. Ningejua la kumjibu.

"Litoe bakuli," akasema. "Hilo tu. Mama yako simtaki, polisi siwataki. Huo ukatili uacheni kama ulivyo, ni wa kweli. Hiyo huruma iondoe. Halafu nisome tena, na chochote kitakachotoka nitakikubali."

Nikamweleza kwa nini haiwezekani, na nilipokuwa nikimweleza nilijisikia kama nasoma maelekezo ya dawa. Namba Saba ya kwanza haikuwa na bakuli. Iliishia kwenye televisheni, kama ilivyokuwa. Lakini kabla kifungu hakijapitishwa huonjwa na watu kumi, na kati ya wale kumi, wanane walijifunga. Waliumia, kisha mistari yao ikalala, wakawa wanasoma kama watu wanaosubiri zamu benki. Mkurugenzi wetu, Dokta Kamugisha, aliniita ofisini kwake akasema, "Namsifu, umeandika kitu cha kweli, lakini hakina mlango. Msomaji akikosa mtu mwema wa kujiona ndani yake, anatoka nje na kufunga. Mpe mtu mwema. Mpe hata mtoto." Nikaenda nikaandika bakuli kwa saa moja. Niliandika huku nalia, nisikufiche. Nilijiona mtu mwema kweli kweli.

"Bila bakuli hakuna Mkono," nikamwambia, "na bila Mkono hakuna alama."

"Kwa hiyo mnapima watu kwa kitu ambacho hakikutokea."

"Hadithi zote..."

"Usinifundishe hadithi. Nimekaa kwa mama yako miaka mitatu, nimesikia hadithi."

Kulikuwa na njia mbili tu kwenye fomu yangu, visanduku viwili. Cha kwanza: Msomaji hana sifa. Hapo Atupele anafutiwa leseni na haruhusiwi kugusa mgonjwa tena maisha yake yote. Cha pili: Kifungu kimeoza. Hapo mtunzi anakiri kwamba kifungu kina kasoro na anaieleza kwa maandishi. Kifungu kikioza, vyeti vyote elfu arobaini vinafutwa, mtunzi hashiki kalamu ya Taasisi tena, na chimbuko la Kidonda linapelekwa polisi, kwa sababu kesi ya ukatili wa nyumbani siku hizi haichakai kwa miaka. Yaani mama yangu, miaka themanini na nne, na kigari chake cha kutembelea, akipanda kizimbani.

Nikajaribu njia ya tatu, ya pembeni. Nikashusha sauti. "Tutakupa nafasi ya kusoma mara ya pili. Ukifika pale kwenye bakuli usinifikirie mimi. Chukua mtoto mmoja wa wodini kwako, unayempenda, mfikirie yeye ndiye kaingia na maji. Mshale utapanda, nakuhakikishia."

"Nichukue watoto wangu niwavike sura yako?"

Alisimama. Alichukua muda kuvaa mkoba begani, ule mkono wa kushoto haunyooki sawasawa, na mimi nilikaa nikamtazama badala ya kumsaidia. Mlangoni akageuka.

"Nimeambiwa una siku saba. Wodini kuna binti anaitwa Kuruthumu, miaka sita. Aliangukiwa na sufuria ya uji. Hakubali mtu mwingine amguse. Sikwambii ili unionee huruma. Nakwambia ili ukitia alama yako, ujue umetia wapi."

*

Jumapili nilikwenda kwa mama baada ya ibada. Nilimkuta barazani, miguu kwenye stuli, bamba lake la kusomea mapajani limewashwa herufi kubwa kama za bango, na machozi yanamtiririka.

Ndivyo alivyo tangu nikiwa mdogo. Mama alilia kwa vitabu. Alisoma kwa sauti mezani, na akifika pabaya sauti inakatika, anatoa kitambaa, sisi watoto tunanyamaza kwa heshima. Wanafunzi wake walimpenda kwa hilo. Wapo wazee na mvi zao ambao mpaka leo wanasema waliijua huruma darasani kwa Mwalimu Mshana. Siku ya pasi alikuwa amelia pia, mchana, kwa riwaya fulani ya mtoto yatima. Macho yake yalikuwa bado mekundu alipoichomoa ile kalamu.

Ukutani nyuma yake kulikuwa na cheti chake. Tisini na nne. Alipimwa mwaka juzi kwa sababu anawapakata na kuwasomea hadithi watoto wa kituo cha kanisani.

"Mama, unamkumbuka Atupele?"

"Yupi huyo?"

"Dada wetu. Wa Tukuyu."

Akafikiri. "Aa, yule aliyejiunguza na pasi! Mzembe, lakini samaki alijua kukaanga. Amekufa?"

"Hajafa. Mama, alijiunguza?"

"Si ulikuwepo? Ulikuwa hapo hapo unaangalia televisheni yako."

Alisema bila hata kupepesa. Nikatafuta usoni mwake kitu chochote, hata kidogo, nikakosa. Nikapiga moyo konde.

"Ulipopimwa, mama, walikusomesha kifungu gani?"

"Kile cha msichana wa Singida! Yesu wangu, nililia mpaka yule binti wa kibandani akanikumbatia. Yule mwanamke, mwanangu, ni shetani. Kumchoma mtoto wa mwenzio kwa ajili ya pazia! Na hiyo kalamu yake nyekundu, anavyoiweka mezani kwa adabu zote, nikasema huyu si mtu." Alifuta macho kwa kiganja. "Na kale katoto kenye bakuli. Nilitaka nikakumbatie. Wanasema wewe ndiye uliyekiandika, lakini najua huruhusiwi kusema. Ulimtoa wapi mwanamke mbaya namna ile?"

Hakuwa anaigiza. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Angekuwa anajifanya, ningemchukia nikapumzika. Alimlilia Atupele kwa machozi halisi, utepe ukayapima ukayakubali, na kwenye mkono wake ule ule uliofuta yale machozi kulikuwa bado na kovu dogo la kidole gumba, alipoguswa na pasi yeye mwenyewe alipokuwa anaibonyeza.

"Nimemtoa nyumbani, mama."

"Nyumbani kwa nani?"

Alikuwa ameshika vidole vyangu, anavipapasa kimoja kimoja kama alivyofanya nilipougua malaria nikiwa mtoto. Alikesha siku tatu kitandani kwangu. Na huyo pia ni yeye, mtu mmoja huyo huyo.

"Kwa jirani," nikasema. "Wa zamani. Humjui."

"Maskini," mama akasema. "Mungu amsamehe." Akarudi kwenye bamba lake.

*

Jumatatu nilitia alama kwenye kisanduku cha kwanza. Msomaji hana sifa.

Nilikuwa na sababu zangu. Mama ni mzee na jela ingemuua. Watu elfu arobaini wangesimamishwa kazi siku moja, na hospitali zingebaki na nani? Kifungu kikioza, watu wangeanza kuvitilia shaka vifungu vyote, sheria nzima ingeanguka, na wale wa kituo cha wazee wangerudi kufanya yao. Zote ni sababu za kweli. Ukinipa kurasa mbili naweza kukuandikia hizo sababu mpaka ulie.

Dokta Kamugisha alipita mezani kwangu, akaona fomu, akanipiga begani kidogo. "Kazi ngumu," akasema. Nikakubali kwamba ni ngumu.

Wiki tatu baadaye nikajipeleka wodini mwenyewe. Sijui nilitaka nini. Nadhani nilitaka kuambiwa kwamba mambo yanakwenda vizuri, kwamba mtu mwingine amepatikana na watoto wamemzoea. Nilibeba machungwa.

Kabla sijafika mlangoni nilimkuta binti mmoja wa miaka kama ishirini na tano amesimama koridoni, ameegemea ukuta, gauni jeupe la kazi, amefunika uso kwa mikono yote miwili, analia kwa kwikwi. Kifuani alikuwa na cheti chake, kile kidogo cha kubandika. Tisini na moja.

"Siwezi, mama," aliponiona akasema, wala hakuuliza mimi ni nani. "Anaumia sana. Nikimwangalia naumia mimi. Kila siku najaribu, siwezi."

"Nani?"

"Kuruthumu."

Nikaingia. Alikuwa kitanda cha dirishani, mtoto mdogo kuliko nilivyomfikiria, amekaa wima na mkono ameuweka mbele yake kama kitu cha mtu mwingine. Bandeji ilikuwa imefunguliwa nusu na kuachwa. Nusu iliyobaki ilikuwa imeshika kwenye kidonda, imekauka. Hakuwa analia. Alikuwa anasubiri, na ilionekana amesubiri muda.

"Lazima ilowekwe kwanza ndiyo itoke," yule binti akasema nyuma yangu, bado mlangoni. "Maji ya chumvi yapo hapo. Nishikie bakuli, mama, ukiwa umelishika wewe labda nitaweza."

Bakuli lilikuwa juu ya stuli. Nikaweka machungwa chini, nikalishika kwa mikono miwili. Nilipopiga hatua maji yakanimwagikia kwenye viatu.

Nikasimama pale kando ya kitanda. Sikukataa kumsaidia, naomba nieleweke hivyo. Nilikuwa nautazama mkono. Pembeni ya bandeji ngozi ilikuwa na rangi ambayo sikuwahi kuiandika, na nikaanza kuitafutia neno. Si nyekundu, si waridi. Nikalijaribu moja, nikalitupa, nikajaribu la pili. Kisha likaja, neno zuri kabisa, jepesi, na nikawa nalirudia rudia kichwani lisinipotee mpaka nifike kwenye meza yangu.

"Maji," mtoto akasema.

Sijui alikuwa amesema mara ngapi.

"Mama. Maji."

Nikashtuka, nikamwaga, nikamwaga mengi kwa pamoja. Akapiga ukelele ulioamsha wodi nzima. Akauvuta mkono kifuani, akanitazama kwa macho makubwa makavu.

"Mama Atu humwaga polepole," akasema. "Mama Atu yuko wapi? Anarudi lini?"

"Kesho," nikasema.

Lilitoka kirahisi hivyo. Wala sikulitafuta. Na lilifanya kazi, mimi nijuaye maneno yanavyofanya kazi nililiona likifanya: mabega yake yakashuka, pumzi ikatulia, akalaza kichwa kwenye mto. Kisha polepole akaunyoosha tena ule mkono, akanipa mwenyewe nimalizie, kwa kuwa kesho anarudi.

Nikamwaga maji kidogo kidogo. Bandeji ikaanza kulainika.

Kule mlangoni yule binti wa tisini na moja alikuwa ameangua kilio upya, lakini sasa anatabasamu ndani ya machozi.

"Una huruma wewe, mama," akaniambia. "Ulipata ngapi?"